Saa Tatu ya Wapi?

Tangazo likisema kwamba mkutano utaanza saa tatu, msomaji wa Tanzania au Kenya hujiuliza tu kama ni ya asubuhi au ya usiku, na aghalabu hupata jibu bila taabu. Tangazo hilohilo likitoka ng'ambo, au likipelekwa huko, taabu huanza. Je, ni saa tatu kwa hesabu ya Kiswahili au kwa hesabu ya Kizungu? Ni kwa saa za hapa au za huko? Na kama ni za huko, wamekwisha kusogeza saa zao mbele kwa ajili ya kiangazi, au bado? Zamani maswali haya yalikuwa ya nahodha wa meli, rubani na karani wa simu za upepo. Siku hizi mwanafunzi aliyemaliza kidato cha sita hufanyiwa usaili wa nafasi ya masomo kwa njia ya video, na mwalimu wa sekondari huhudhuria semina inayoendeshwa kutoka bara jingine akiwa amekaa ofisini kwake. Wakikosea saa, wote wawili hukuta mlango umekwisha fungwa.

Hoja yangu ni kwamba shule zetu hufundisha sehemu moja tu ya jambo hili, nayo ni ile ambayo katika maisha ya kila siku haimfikishi mtu mbali.

Tuanze na hiyo inayofundishwa. Katika somo la jiografia mwanafunzi huelezwa kwamba dunia hujizungusha digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii 15 kwa saa moja, au digrii moja kwa dakika nne. Kisha hupewa swali: ikiwa ni saa sita mchana katika mji ulio kwenye longitudo ya digrii 45 Mashariki, ni saa ngapi katika mji ulio digrii 75 Magharibi? Hujumlisha apate digrii 120, hugawanya kwa 15 apate saa nane, hurudi nyuma, na kujibu kwamba huko ni saa kumi alfajiri. Hupewa alama zake zote.

Hesabu hiyo ni sahihi kabisa kama tunazungumza habari za jua. Lakini saa ya ukutani haifuati jua, hufuata sheria. Mfano ulio karibu nasi ni Kigoma na Bujumbura. Miji hii miwili iko katika pwani moja ya Ziwa Tanganyika, na longitudo zake hazipishani hata kwa nusu digrii, maana yake jua huchomoza kwao karibu kwa wakati mmoja. Hata hivyo saa za Kigoma zimetangulia zile za Bujumbura kwa saa nzima, kwa sababu Tanzania imechagua kutangulia Greenwich kwa saa tatu na Burundi kwa saa mbili. Mwanafunzi wa Kigoma akikokotoa saa za mji wake kwa kanuni ya digrii 15 atapata saa mbili, yaani saa za Bujumbura. Atakuwa amekosea, ingawa kanuni hajaivunja. Vivyo hivyo msafiri anayevuka daraja la Rusumo kuingia Rwanda, au anayetoka Tunduma kwenda upande wa Zambia, huvuka saa nzima kwa hatua chache.

Tena yafaa walimu wawaonyeshe wanafunzi kwamba ule mstari wa digrii 45 Mashariki, ambao kwa hesabu ndio mstari wa kati wa ukanda wetu wa saa, haugusi Tanzania, wala Kenya, wala Uganda. Unapita Somalia, karibu na Mogadishu. Dar es Salaam iko kwenye digrii 39 na ushei, na kwa hiyo jua halifiki kilele chake hapo saa sita kamili, bali kwa wastani saa sita na dakika 23 hivi. Kigoma, iliyo karibu digrii 10 magharibi zaidi, hulisubiri mpaka saa saba ipite kwa dakika moja. Ndiyo maana mtu wa Kigoma anaposema saa moja asubuhi, jua kwake ndiyo kwanza linachomoza, hali mwenzake wa Dar es Salaam amekwisha kuliona kwa zaidi ya nusu saa. Katika enzi ya ukoloni, kwa miaka kadhaa, saa za Kenya na Tanganyika zilitangulia Greenwich kwa saa mbili na dakika 45, kiasi kilichokuwa karibu zaidi na jua la hapa. Robo saa iliyobaki iliongezwa ili hesabu iwe nzima. Silaumu uamuzi huo; nataka tu ijulikane kwamba ni uamuzi.

Mifano ya mbali ni mingi. China yote, ambayo kwa upana wake ingestahili kanda tano, hutumia saa moja ya kisheria, iliyotangulia Greenwich kwa saa nane, na mjini Urumqi jua la adhuhuri hukawia hadi saa nane mchana. Madrid iko magharibi ya Greenwich lakini saa zake za kawaida zimetangulia kwa saa moja. India imechagua saa tano na nusu, na Nepal saa tano na dakika 45. Kiribati, ambayo mstari wa tarehe ulikuwa ukiipasua vipande, iliamua kuanzia mwaka 1995 kwamba visiwa vyake vyote vitakuwa na tarehe moja. Samoa, ili siku zake za kazi zilingane na zile za Australia na New Zealand ambazo hufanya nazo biashara, iliiruka tarehe 30 Desemba 2011. Watu wake walilala Alhamisi wakaamka Jumamosi. Hakuna longitudo inayoweza kumfundisha mtu mambo hayo.

Hata hiyo Greenwich yenyewe ilichaguliwa kwa kura, mjini Washington, Oktoba 1884. Nchi 22 zilikubali, San Domingo ikakataa, Ufaransa na Brazili zikajizuia. Kutoka bara la Afrika ilikuwapo Liberia peke yake.

Sasa nije kwenye hesabu yetu ya saa, maana hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya walimu wenzangu. Wako wanaosema kwamba, ili kuondoa mkanganyiko, heri tuache kuhesabu saa kwa Kiswahili na kufuata hesabu ya Kizungu katika shule na ofisi zote. Naona rai hiyo haina msingi wa kisayansi. Hesabu yetu haina kosa lolote. Sifuri yake tu ndiyo imewekwa mahali pengine. Nayo imewekwa mahali penye maana. Karibu na Ikweta urefu wa mchana haubadiliki sana. Mjini Dar es Salaam tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote haifiki saa moja, wakati London mchana hupungua mpaka chini kidogo ya saa nane wakati wa baridi na kupanda mpaka zaidi ya saa 16 wakati wa kiangazi. Mahali ambapo kucha na kuchwa hakuhamihami, ni jambo la busara kuanza kuhesabu saa hapo. Waethiopia nao hufanya hivyo. Huko Italia kwa karne nyingi saa zilihesabiwa tangu machweo, na wanafalaki wa Ulaya walianza siku yao adhuhuri mpaka ulipofika mwaka 1925. Hakuna aliyewaambia kwamba hawajui saa.

Ila mwenye sifuri yake hana budi kujua njia ya kwenda kwenye sifuri za wengine. Kwa saa za mchana, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, ongeza 6: saa 3 asubuhi huwa 9:00, saa 10 jioni huwa 16:00. Kwa saa za usiku ongeza 18, na jumla ikifika 24 au kuzidi, ondoa 24: saa 2 usiku huwa 20:00, na saa 8 usiku, kwa kuwa 8 na 18 ni 26, huwa 2:00. Mwanafunzi mwerevu atagundua mwenyewe kwamba kwenye uso wa saa ya mishale kuongeza sita na kupunguza sita ni kitu kimoja, na kwamba Mswahili husoma tarakimu inayotazamana na ile inayoonyeshwa na mshale mfupi. Mwalimu wa hisabati anayetafuta mlango wa kuingilia katika hesabu za mzunguko hatapata mfano ulio bora kuliko huu, ambao mtoto ameuzoea tangu hajaanza shule.

Hatari iko kwenye tarehe. Mtu akiambiwa "Jumanne saa 8 usiku", je, ni usiku unaofuata mchana wa Jumanne, au ule unaoutangulia? Kwa desturi ya kale ya pwani, usiku hutangulia mchana wake, na siku huanza jua linapokuchwa. Kwa kalenda ya ofisini siku hubadilika saa sita usiku. Bahati nzuri lugha yetu inayo dawa, nayo ni maneno "usiku wa kuamkia". Saa 8 usiku wa kuamkia Jumanne ni 2:00 ya Jumanne, wala haiwezi kuwa kitu kingine. Sijui kwa nini matangazo yetu ya mikutano hayatumii maneno haya wakati taarifa za habari huyatumia kila siku.

Kuhusu vifupisho vya majina ya saa sina neno jema la kusema. IST inaweza kuwa saa ya India, ya Ireland au ya Israel. CST inaweza kuwa ya katikati ya Marekani, ya China au ya Cuba. Na hata kifupisho kinapojulikana ni cha nchi gani, wenye nchi hawakitumii sawasawa. Mwanafunzi mmoja niliyemsimamia aliitwa kwenye usaili wa ufadhili na taasisi moja ya mashariki ya Marekani. Ilikuwa mwezi wa Mei. Barua ilisema usaili ungekuwa saa 9:00 kabla ya adhuhuri, EST. Yeye alitafuta maana ya herufi hizo, akakuta kwamba ni saa ya kawaida ya upande huo, iliyo nyuma ya Greenwich kwa saa tano. Tisa na tano ni 14, na tatu ni 17; basi akajiweka tayari kwa saa 11 jioni, na ilipofika saa kumi na moja kasoro robo alikuwa mbele ya kompyuta. Wasaili walikuwa wamekwisha kuondoka. Mwezi wa Mei watu wa huko huwa wamesogeza saa zao mbele, na tofauti yao na Greenwich ni saa nne. Walikuwa wamemaanisha saa 10 jioni kwa saa za hapa, na wakaandika EST kwa mazoea tu. Kijana huyo alikuwa mtu pekee katika shauri lile aliyezichukua zile herufi tatu kwa maana yake halisi. Maombi yake ya kupewa siku nyingine hayakujibiwa.

Hilo la kusogeza saa mbele linahitaji kuelezwa kwa utulivu, kwa kuwa hapa kwetu halipo na hivyo hatulikumbuki. Nchi zilizo mbali na Ikweta, ambako jua la kiangazi huchomoza mapema mno wakati watu wamelala, husogeza saa mbele kwa saa moja ili mwanga huo utumike jioni, kisha huzirudisha msimu ukiisha. Kama zingefanya hivyo zote siku moja, tungevumilia. Lakini Marekani, kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 2007, husogeza Jumapili ya pili ya Machi na kurudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba, wakati nchi za Ulaya husogeza Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Upande wa kusini wa dunia, New Zealand na baadhi ya majimbo ya Australia hufanya kinyume, maana kiangazi chao ni wakati wa baridi ya kaskazini.

Chukua semina ya kila wiki iliyopangwa saa 10:00 asubuhi kwa saa za New York, yenye wahudhuriaji London na Dar es Salaam. Mwanzoni mwa Machi 2025 semina hiyo ingeanza saa 15:00 London na 18:00 Dar es Salaam, yaani saa 12 jioni. Tarehe 9 Machi Marekani ikasogeza saa. Mtu wa Dar es Salaam angeikuta saa 11 jioni, na wa London saa 14:00. Tarehe 30 Machi Ulaya nayo ikasogeza. Wa London angerudi kwenye 15:00 yake, lakini wa Dar es Salaam angebaki palepale saa 11. Kwa wiki tatu nzima wale wawili wa kaskazini wangekuwa na tofauti ya saa nne badala ya tano waliyoizoea. Na sisi, ambao saa zetu hazikuguswa hata kidogo, ndio ambao ratiba yetu ingebadilika bila kuarifiwa.

Dawa ya yote haya inajulikana, wala haina gharama. Dunia inayo saa moja ya marejeo, inayoandikwa UTC, ambayo mfumo wake wa sasa ulianza mwaka 1972 na ambayo kwa shughuli za kawaida ni sawa na saa ya Greenwich. Haisogezwi kwa kiangazi. Kila saa ya kisheria duniani inaweza kuandikwa pamoja na tofauti yake na UTC, na kanuni ya kimataifa ISO 8601, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1988, imeweka namna ya kufanya hivyo. Kwa mfano, "2025-03-12, 16:00+03:00" ni Jumatano tarehe 12 Machi 2025, saa 10 jioni kwa saa za Afrika Mashariki. Anayeisoma akiwa popote huondoa 3 apate 13:00 ya UTC, kisha huongeza au kuondoa tofauti ya nchi yake kwa siku hiyo. Hatua ni mbili tu. Mwanafunzi hahitaji kukariri tofauti baina ya kila miji miwili ya dunia, kama ambavyo hahitaji kukariri bei ya kila bidhaa kwa kila sarafu. Anahitaji kujua tofauti ya kila mji na UTC, na kuzijua namba hasi. Napendekeza maswali ya namna hii yaingizwe katika mazoezi ya hisabati na jiografia kidato cha kwanza na cha pili, pamoja na yale ya longitudo, na mwanafunzi aulizwe waziwazi: hii ni saa ya jua au saa ya sheria? Na napendekeza kila tangazo linalovuka mpaka liwe na sehemu zote mbili, saa ya Kiswahili kwa maneno na saa ya tarakimu pamoja na tofauti yake.

Limebaki jambo ambalo hesabu pekee haiwezi kulimaliza, nalo ni nani akeshe. Mpangaji wa mkutano mara nyingi huona kuwa mchana wake ndio mchana wa dunia. Wanafunzi wa bweni, ambako taa huzimwa mapema, wamealikwa mara nyingi kwenye mihadhara ya saa 9 usiku, na mwaliko ukasema kwa ukarimu mwingi kwamba wote wanakaribishwa.

Tuchukue miji mitatu mwezi wa Januari: Dar es Salaam, iliyotangulia UTC kwa saa 3, Tokyo, iliyotangulia kwa saa 9, na Los Angeles, iliyo nyuma kwa saa 8. Tukisema kila mmoja hufanya kazi kuanzia 8:00 hadi 17:00 ya kwake, basi kwa UTC Dar es Salaam huwa kazini 5:00 hadi 14:00, Tokyo 23:00 hadi 8:00, na Los Angeles 16:00 hadi 1:00. Hakuna hata dakika moja ambayo wote watatu wako kazini. Mtu wa Los Angeles akitafuta saa inayomfaa yeye na Tokyo, ataipata karibu na usiku wa manane wa UTC: kwake ni 16:00, Tokyo ni 9:00, na Dar es Salaam ni saa 9 usiku. Hiyo ndiyo saa ambayo tumealikwa mara nyingi.

Lakini ziko saa nyingine mbili. Saa 6:00 ya UTC ni saa 3 asubuhi kwetu, 15:00 Tokyo, na 22:00 ya siku iliyotangulia Los Angeles. Saa 14:00 ya UTC ni saa 11 jioni kwetu, 23:00 Tokyo, na 6:00 asubuhi Los Angeles. Mkutano ukipishanishwa kati ya saa hizo mbili, mwezi huu moja, mwezi ujao nyingine, hakuna anayelazimika kuamka usiku wa manane. Mwenye kuchelewa kulala zaidi ni wa Tokyo, naye ni mara moja kwa miezi miwili. Itasemwa kwamba katika ratiba hiyo Afrika Mashariki haipati usumbufu wowote. Ni kweli, kati ya Tokyo na Los Angeles, kwa upande huu wa dunia, sisi ndio tulio katikati, na mara hii longitudo imetupendelea. Itasemwa pia kwamba anayegharimia mkutano ana haki ya kuchagua saa. Anayo, ila basi asihesabu wasiohudhuria kuwa ni watu wasio na hamu.

Walimu wanaweza kuwapa wanafunzi zoezi hilihili na kuongeza mji wa nne, Wellington, ambako mwezi wa Januari saa zimetangulia UTC kwa 13. Saa ya kwanza kati ya zile mbili itabaki kuwa nzuri, kwa kuwa huko itakuwa 19:00. Ya pili itavunjika, maana itakuwa 3:00 usiku, na wanafunzi watapaswa kutafuta nyingine.